Nilichonyamazia Sitaha ya Sita

Nimerudi Migwani na magoti mawili yasiyofanana. La kulia bado linakunjika, la kushoto lina maoni yake. Daktari wa Kitui aliliminya huku na huku, akaniuliza nilikuwa nikifanya kazi gani. Nikamwambia natandika vitanda. Akacheka, akidhani natania. Kwa miaka kumi na tisa nimetandika vitanda kwenye meli za watalii, zile zinazobeba watu wengi kuliko soko letu siku ya mnada, na goti la kushoto ndilo lililokuwa likigonga sakafu kila nilipoinama kuchomeka shuka chini ya godoro.

Naandika haya kwa ajili ya wasichana wa hapa wanaosomea kazi za meli. Huja kwangu Jumapili baada ya ibada, hukaa kwenye kochi na kuniuliza mshahara. Hayo yaulizwe kwa wakala, yeye ndiye anayependa kuyazungumza. Mimi nitaandika yale ambayo wakala hayajui, kwa sababu hajawahi kuosha choo cha mtu anayetapika huku sakafu inapanda na kushuka.

Kazi yenyewe nilijifunzia Mtito Andei, kwenye lojing'i ya vyumba kumi na viwili nyuma ya kituo cha mafuta. Wageni wetu walikuwa madereva wa malori. Walifika wamechoka, wakaondoka kabla ya jua, na walichoacha nyuma kilikuwa grisi kwenye mito na mifupa ya nyama choma chini ya kitanda. Mwenye lojing'i, mama ambaye sikumbuki kumwona ameketi, alinifundisha kunusa chumba kabla ya kukiangalia. Alisema macho hudanganywa na shuka iliyonyooshwa, lakini pua haidanganywi. Nilidhani ni maneno ya mtu aliyekaa sana kazini. Yalikuja kunifaa kuliko cheti chochote.

Jina langu ni Mueni, yaani mgeni. Kwetu mtoto wa kike huitwa hivyo akizaliwa wakati kuna wageni nyumbani. Kwa kuwa maisha yangu yote nimefagia nyuma ya wageni, wazazi hawakukosea sana.

Meli ya kwanza niliipanda nikiwa na sanduku moja na woga mwingi. Nilitarajia kuiona bahari. Sikuiona kwa siku nne. Wafanyakazi tunalala chini kabisa, sitaha isiyo na dirisha, na korido zote zinafanana: mlango, mlango, mlango, taa. Siku ya kwanza nilipotea mara tatu nikitafuta chumba changu mwenyewe, na mara ya tatu nikaketi kwenye ngazi nikalia. Aliyenikuta pale ni Rodel, Mfilipino mfupi mwenye mabega mapana, ambaye baadaye nilijua ndiye supavaiza wangu. Hakunibembeleza. Alinipa vitu vitatu: mpira wa kukwangulia maji ya bafuni, tochi ndogo, na penseli. Penseli kwa sababu kalamu ya wino ikivujia shuka nyeupe, shuka hiyo imekwisha. Tochi kwa sababu mgeni akiona unywele mmoja kwenye beseni, hataona kingine chochote ulichosafisha. Kisha akanionyesha njia, akiniambia nihesabu milango ya kuzuia moto wala si vyumba.

Siku ya pili bahari ilichafuka, nikatapika ndani ya ndoo yangu ya kazi. Rodel akaniletea tufaha la kijani na biskuti kavu za chumvi, akaniambia nile polepole nikiwa nimesimama. Nilimuuliza kama ni dawa ya kwao. Akasema hapana, alifundishwa na mgeni.

Hapo ndipo nilipoanza kuwajua wasafiri wazoefu. Kila meli inao. Ni watu, wengi wao wazee, wanaosafiri mara mbili au tatu kwa mwaka, wanaojua majina yetu na wanaojua meli kuliko baadhi ya maofisa. Usiwadharau. Mengi niliyoyajua kuhusu meli niliyapata kwao, nikiwa nimeshika taulo mlangoni.

Mgeni mpya hutaka chumba cha juu kabisa, mbele kabisa, aone mandhari. Kisha anatapika mandhari yote. Mzoefu huomba chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini, mahali ambapo chombo hakiyumbi sana. Mzoefu hapandi ndege siku ileile ya kung'oa nanga. Hufika mji wa bandari siku moja kabla, kwa kuwa ndege ikichelewa meli haimngoji. Dawa, miwani, pasipoti na nguo ya kubadilisha huziweka kwenye begi la mkononi, maana sanduku huchukuliwa bandarini na linaweza kufika chumbani jioni. Nimemwona bwana mmoja, tajiri kwa jinsi alivyovaa viatu, akila chakula cha kwanza cha safari yake akiwa na kaptula iliyolowa kwa sababu suruali zake zote zilikuwa bado ziko chini kwenye foleni ya mizigo.

Mzoefu hubeba sumaku ndogo, kwa sababu kuta za vyumba ni za chuma na karatasi yoyote inaweza kushikizwa hapo. Hubeba pegi za kuanikia nguo ili kubana mapazia yasiruhusu mwanga. Huosha mikono kwa maji na sabuni, maana ile dawa ya kupaka mikononi bila maji haimsumbui sana mdudu wa kuharisha. Na kwenye kila bandari huweka saa ya mkono kwenye saa ya meli, kwa sababu simu hujibadilisha yenyewe ikafuata saa ya nchi kavu, na mtu akaja kukimbia gatini huku kamba zinafunguliwa.

Mkubwa wa wazoefu wote niliowahudumia alikuwa Bi Hilda. Alikuwa mwalimu wa jiografia aliyestaafu, mwembamba, mwenye sauti ya kutuliza darasa. Mumewe, Mzee Walter, alikuwa amejenga reli maisha yake yote. Walichukua chumba kilekile kila mara, katikati ya sitaha ya sita, ndani ya vyumba kumi na tisa vilivyokuwa vyangu. Alasiri ya kwanza ya kila safari Bi Hilda aliwakusanya wageni wapya ukumbini na kuwafundisha yote niliyoyaandika hapo juu, na mengine. Kwamba wafunge utepe wa rangi kwenye kitasa cha mlango, kwa kuwa milango yote inafanana. Kwamba kila mmoja awe na karatasi mfukoni yenye jina la meli, namba ya gati na simu ya wakala wa bandari. Utepe wake mwenyewe ulikuwa mwekundu, mpana kama mkanda wa sare ya shule. Watu waliandika kwenye vijitabu. Mzee Walter alikaa kando yake akitabasamu.

Safari ya tatu nikiwa nao, shuka zilianza kupungua. Unajua shuka zako kama mfugaji anavyojua mbuzi wake. Moja ikikosekana, unalala vibaya. Asubuhi moja niliingia chumbani mwao wakiwa kwenye kifungua kinywa, kitanda kimenyooshwa vizuri kuliko ninavyonyoosha mimi. Nikanusa. Nikapiga goti, nikamulika chini ya kitanda, nikavuta sanduku. Ndani kulikuwa na shuka mbili zimeviringwa, zimelowa mkojo.

Nilikuwa bado nimepiga magoti Bi Hilda alipoingia. Aliniangalia, akaziangalia shuka.

"Funga mlango, Mueni."

Nikafunga. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akanieleza kwa sauti ya chini, bila kulia. Mzee alikuwa anasahau. Si majina tu. Nyumbani kwao, nyumba waliyoishi miaka arobaini, alizunguka kila siku akitafuta nyumba yao. Kwenye meli hakuzunguka. Alijua kengele ya chakula, alijua kiti chake, alijua uso wangu. Meli ikijua, alisema, hawatauziwa tiketi tena.

Nikamuuliza, "Na akipotea, Madam?"

"Hatapotea. Nimepanga kila kitu."

Akanionyesha. Utepe mwekundu haukuwa pambo, ulikuwa wa Mzee kutambua mlango. Karatasi ya mfukoni ilikuwa yake. Sumaku zilishika maandishi makubwa kando ya kitasa: Hilda ameenda kuchukua kahawa, ngoja hapa. Saa ya mkono, pegi za mapazia ili alale bila kushtuliwa na mwanga, hata chumba cha katikati ili asiyumbe akaanguka. Sehemu kubwa ya ushauri aliowapa wageni wapya ilikuwa imeanzia kwa mume wake, naye aliutoa ukumbini kwa tabasamu, na hakuna aliyeshuku.

Nilikubali kunyamaza. Nataka niseme ukweli kuhusu hilo, maana ndiyo sababu ya kuandika. Susu yangu, yaani nyanya yangu mzaa mama, alisahau vivyo hivyo. Alitoka asubuhi moja kutafuta mbuzi waliokuwa wameuzwa zamani, na siku ya pili walimkuta kwenye mchanga wa mto mkavu, amelala ubavu, ameshakata roho. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Nilijua kuliko mtu yeyote kwenye meli ile. Nilinyamaza kwa huruma, na pia kwa sababu kila mwisho wa safari Bi Hilda aliandika jina langu kwenye kadi ya maoni, na kadi zile ndizo zilizoamua nani anarudishwa kwenye mkataba mwingine. Vitu hivyo viwili vilikaa pamoja ndani yangu, na sikuwahi kuvitenganisha.

Basi nikawa namletea shuka za ziada. Nilizibeba chini ya troli, nikazifua na zile za wagonjwa wa tumbo. Rodel aliona hesabu yangu haikai sawa, akaniuliza. Nikamwambia wageni wale humwaga mvinyo. Akauliza kama ni mvinyo kila siku. Nikaendelea kukunja taulo. Akaondoka hatua mbili kisha akarudi, akaniambia kwamba chumba ni cha mgeni na ya chumbani ni yake, ila mtu akiwa hatarini hicho si chumba chake tena. Nilisema nimeelewa. Safari hiyo ikaisha, wakarudi tena mwaka uliofuata, na mimi nikaendelea kuelewa bila kufanya lolote.

Mwaka huo tulitia nanga kwenye mji mmoja wa bandari kusini mwa Italia. Bi Hilda alikuwa ameamka na homa. Alimeza dawa, akafunga mapazia kwa pegi zake, akalala. Mimi nilikuwa kwenye ncha ya mbali ya korido nikimalizia bafu. Saa nane mchana nikamwona anakuja, miguu mitupu, ameshika ukuta.

"Koti lake halipo," alisema. "Ametoka."

Meli ilikuwa iondoke saa kumi na moja jioni. Nilimwambia naenda kumweleza mlinzi wa mlangoni. Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa moto.

"Nenda wewe kwanza. Nusu saa tu, Mueni. Kama hujamwona, uwaambie."

Nilikuwa na mapumziko yangu ya mchana, na wafanyakazi tunaruhusiwa kushuka. Nikabadilisha viatu, nikashuka. Nilimtafuta uwanjani, kanisani, kwenye duka la aiskrimu ambako walikuwa wakienda pamoja. Niliuliza watu kwa Kiingereza nao wakanijibu kwa Kiitaliano. Jua lilikuwa linapiga mawe yale meupe, nami nikafikiria mchanga wa mto wetu. Kila nilipotaka kurudi, niliona koti la rangi kama ya koti la Mzee kwenye kona ya mbele, nikalifuata, na halikuwa lake. Nusu saa ikawa saa nzima na dakika kumi.

Niliporudi nilienda moja kwa moja kwa Rodel, nikamwambia yote, kuanzia shuka ya kwanza. Hakunigombeza. Alichukua redio. Mashine ya mlangoni, inayosoma kadi za wageni, ilionyesha kwamba Mzee alikuwa ameshuka saa nne asubuhi. Wakampigia wakala wa bandari, wakala akawapigia polisi, na Bi Hilda akaletwa chini akiwa amevaa viatu visivyo jozi.

Saa kumi kasoro tano simu ikaja. Mzee Walter alikuwa kituo cha reli. Mfagiaji wa kituo alimwona amekaa kwenye benchi toka asubuhi, mtulivu, akiangalia treni, akadhani anamngojea mtu. Muda mfupi kabla ya saa tisa Mzee akasimama, akajaribu kushuka relini kukagua kitu, jinsi alivyokuwa akifanya kazini miaka yote. Akaanguka, akavunjika nyonga. Karatasi ya Bi Hilda ilikuwa mfukoni, ila simu za kituo na za hospitali zilichukua muda kumfikia wakala.

Muda mfupi kabla ya saa tisa. Wakati huo mimi nilikuwa nafuata makoti. Wakala alisema baadaye, bila kujua anazungumza na nani, kwamba polisi wa mji ule wakiambiwa kuna mzee amepotea, mahali pa kwanza wanapoangalia ni kituo cha reli.

Meli haikuweza kungoja. Niliambiwa nifungashe chumba chao, nikapewa dakika ishirini. Rodel alishika masanduku yakiwa wazi, mimi nikatia. Nikafungua sefu mbele ya ofisa, nikatoa pasipoti. Nikabandua sumaku ukutani moja moja. Nikang'oa pegi kwenye mapazia. Utepe wa kitasani ulikuwa umefungwa fundo gumu, ikabidi niukate kwa mkasi. Kisha tukashusha masanduku mpaka gatini, ambako gari la wakala lilikuwa linasubiri.

Bi Hilda alikuwa amesimama kando ya mlango wa gari. Nilitarajia anilaumu kwa kusema. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo njia nzima ya kushuka ngazi.

"Ungewaambia," alisema. "Mwaka jana. Ungewaambia tu."

"Ulinikataza, Madam."

"Najua nilikukataza." Alichukua begi la dawa mkononi mwangu. "Mimi nilikuwa nimechoka, Mueni. Miaka minne sijalala. Wewe hukuwa umechoka."

Akaingia garini. Nilirudi juu, na kwa kuwa ilikuwa zamu yangu ya jioni, nikaenda kugeuza vitanda, yaani kukunja shuka tayari kwa usiku, kwenye vyumba kumi na nane vilivyobaki.

Nilihojiwa siku mbili. Nilisema yote, nikapewa barua ya onyo. Rodel naye akapewa, kwa kuwa mimi nilikuwa chini yake, na hakuwahi kunitajia barua hiyo mpaka alipostaafu akarudi kwao. Kama Mzee Walter alipona, sijui. Anwani za wageni hatupewi. Hilo pia mlijue mapema ninyi mnaoenda: utajua mtu anavyokoroma, dawa anazomeza, jina la mbwa wake, na hutajua kama yu hai.

Baada ya hapo sikunyamaza tena. Haikunifanya mtu mzuri. Nilipeleka majina kwa nesi: mama aliyekuwa anazimia bafuni, bwana aliyeficha kidonda cha sukari kwenye soksi. Baadhi yao waliteremshwa bandari iliyofuata. Kadi zangu za maoni zikawa mbaya, nikahamishiwa sitaha ya chini, kwenye vyumba visivyo na madirisha, ambako kazi ni ileile na kuinama ni kulekule. Wasichana wengine wa Kenya waliokuwa nami waliniambia wazi kwamba najiharibia. Mmoja wao, mzaliwa wa mji wa Wote, aliyekuwa kama mdogo wangu, alinisihi niache, akasema wageni si ndugu zangu. Sikubishana naye. Nilikuwa sina nguvu za kubishana.

Mkataba wangu wa mwisho uliisha mwaka huu. Wiki yake ya mwisho kabisa nilikuwa na mgeni mmoja, mwanaume wa makamo, aliyesafiri na mama yake. Asubuhi ya tatu nilinusa chumba, nikavuta sanduku. Sikuhitaji hata kumulika. Yule mwanaume akanikuta, akafunga mlango mwenyewe, akaniomba. Alisema ni siku sita tu. Alisema mama yake aliitamani safari hii toka mumewe alipokufa. Alikuwa na macho mekundu ya mtu anayelala kwa kushtukashtuka, na nikajua niliyaona wapi mara ya mwisho macho kama hayo. Nilimwambia pole. Nikamwambia pia kwamba natoka hapo naenda kwa nesi, ili asidhani nimemgeuka nyuma ya mgongo wake.

Nesi aliwaita, daktari akampima mama, na ikaamuliwa washuke kesho yake, wapande ndege warudi kwao. Nilikutana nao koridoni wakienda kwenye lifti. Kulikuwa na wageni wengine. Yule mwanaume akasimama mbele ya troli yangu.

"Umemnyima mama yangu safari yake ya mwisho," akasema. Hakupaza sauti. "Nataka ulijue hilo."

Inawezekana alikuwa anasema kweli. Nimeligeuza sana akilini tangu nirudi nyumbani, nikikaa hapa barazani na goti limenyooshwa juu ya stuli, na bado sijui. Siku sita zingeweza kupita salama. Nyingi hupita.

Mama yake alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Akaniangalia, akaniuliza kama chai iko tayari. Nikamwambia iko tayari, Madam. Akashukuru. Mwanawe akasukuma kiti, lifti ikafunguka, wakaingia. Mimi nilikuwa bado na vyumba kumi na kimoja kabla ya chakula cha mchana. Nikasukuma troli mpaka mlango uliofuata, nikabisha.